Machozi Hayachori Ukuta

Giorgio Vasari, aliyeandika yapata miaka mia baada ya Fra Angelico kufariki Roma mwaka 1455, asimulia kuwa mtawa huyo hakushika brashi kabla ya kusali, na kuwa hakumchora Kristo msalabani pasipo machozi kumtiririka mashavuni. Tangu hapo hadithi hiyo hurudiwa kama kwamba ndiyo sifa kuu ya mchoraji. Maskini mtawa! Kusifiwa kumemnyang'anya kazi yake.

Sibishani na sala zake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1982. Hilo ni la Kanisa, nami siligusi. Nabishana na wale wazifanyao sala kuwa fundi. Wanafunzi wangu huniletea insha za namna hiyo juu ya kila mtunzi wampendaye: ati alijaaliwa, basi.

Guido di Pietro alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mtawa. Mwaka 1433 chama cha wafanya biashara wa kitani cha Florence kilipatana naye kwa florini 190 za dhahabu. Alikuwa na wasaidizi, Benozzo Gozzoli miongoni mwao. Hayo ni mambo ya karakana.

Vasari aongeza kuwa hakurekebisha picha zake, kwa kuwa Mungu ndivyo alivyotaka ziwe. Ukutani hakimu wa jambo hilo ni chokaa. Fundi hupiga lipu sehemu awezayo kuimaliza siku ile, akapaka rangi lipu ingali mbichi. Ikikauka imekwisha kuishika rangi, na kosa huondolewa kwa kubandua lipu yenyewe. Chokaa haimngoji aliaye.

Na atazamwe katika nyumba ya watawa ya San Marco, Florence, chumba cha 7, penye picha iliyotoka kwake na wasaidizi wake. Kristo ameketi, kafunikwa macho kwa kitambaa. Watesi wake hawana miili: ipo mikono mitupu hewani, fimbo, na kichwa kimoja kinachotema mate. Nani aliamua kuifuta miili ile, ili mtawa akaaye peke yake chumbani aijaze mwenyewe? Chini wameketi Maria na Mtakatifu Dominiko. Maria ameupa mateso mgongo. Dominiko hamtazami Bwana wake wala halii. Ana kitabu magotini, anasoma.