Usiniambie Nifomati

Kuna neno moja ambalo ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku katika kila duka la kutengeneza kompyuta kuanzia Mwingi hadi Kibwezi. Neno lenyewe ni fomati. Laptopu haiwaki? Fomati. Flashi haifunguki? Fomati. Hata hujamaliza kueleza shida yako, fundi ashachomeka flashi yake na anakuuliza kama kuna kitu cha maana humo ndani, kwa ile sauti ya daktari anayekuuliza kama umekula huku sindano iko mkononi.

Nina ugomvi na fundi, ndiyo. Lakini ugomvi mkubwa ni na mashine inayompotosha fundi, na na watu walioandika maneno ambayo hiyo mashine inasema.

Tuelewane kwanza jinsi tarakilishi inavyoamka (mwalimu wangu wa Kiswahili, kama unasoma, nimelitumia hilo neno mara moja, inatosha). Ukibonyeza kitufe, kinachoamka si Windows wala Linux. Kinaamka kiprogramu kidogo kinachoitwa butiloda, ambacho kazi yake ni kutafuta mfumo mkubwa ulipo kwenye diski na kuupakia. Sasa, diski ni safu ndefu ya baiti, basi. Haina kibao mlangoni. Butiloda inabidi ikisie imefika kwa nani. Inaenda mahali fulani, inasoma baiti chache, na ikikuta alama inayoijua inasema sawa, huyu namfahamu.

Na hizo alama hazina mpangilio wowote wa pamoja. Familia ya ext2, ext3 na ext4 huweka namba EF53 kwenye baiti ya 1080. NTFS huandika jina lake karibu na mwanzo kabisa, baiti tatu ndani. XFS huanza na herufi zake XFSB. Btrfs imejificha mbali, kilobaiti 64 kutoka mwanzo. Kila mmoja alijichagulia pa kuning'iniza jina, bila kuuliza jirani. GRUB, butiloda ya Linux ambayo wengi wetu tumekutana nayo, hujaribu orodha ya mifumo ya faili mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza kukubali bila kulalamika ndiye ameshinda. Ndani ya orodha nzima wakikataa wote, GRUB inaandika kwamba mfumo wa faili haujulikani, inakuachia skrini nyeusi, na inanyamaza.

Sisi Wakamba tunafanya vivyo hivyo. Mtu akitoa sentensi mbili za Kikamba ushaanza kusema huyu ni wa Kitui, huyu ni wa upande wa Makueni. Mara nyingi unapata. Mara nyingine kumbe ni mtu wa Makueni aliyelelewa na nyanya yake Mutomo, na umekosea vizuri sana. Lakini hata ukishindwa kabisa kujua mtu ametoka wapi, humwambii akazaliwe upya. Na hicho ndicho kompyuta inachotwambia kila siku. Haijaitambua diski, kwa hivyo diski ifutwe.

Msidhani nazungumzia hitilafu za nadra. Zamani kila kipande cha diski kilipewa namba moja ya aina. Namba 82, kwa hesabu ya hekisadesimali, ilikuwa ya swapu ya Linux, yaani sehemu ya kumwagia takataka za muda. Namba hiyohiyo ilikuwa pia ya Solaris kwenye kompyuta za kawaida, na humo kulikuwa na mfumo mzima wa mtu. Nyumba na jalala, anwani moja. Namba 07 nayo wanagawana NTFS, exFAT na HPFS ya enzi za OS/2. Hata jina lililoandikwa waziwazi haliaminiki: maelezo ya Microsoft yenyewe yanasema usitegemee neno FAT16 au FAT32 lililo kwenye sekta ya kwanza, hesabu klasta. Chini ya 4085 ni FAT12, chini ya 65525 ni FAT16, zaidi ya hapo ni FAT32.

Ukaja mpangilio mpya wa GPT wenye vitambulisho virefu visivyoweza kugongana. Hongera. Ila watu wa Linux kwa miaka kadhaa hawakuwa na kitambulisho chao cha data, wakaazima kile cha Microsoft. Matokeo yake, aliyekuwa na mifumo yote miwili kwenye mashine moja alifungua Windows, Windows ikaona kipande chenye kitambulisho chake, ikajaribu kukisoma, ikashindwa, ikajitolea kukifomati. Ilibidi waandishi wa GPT fdisk na GNU Parted wakubaliane juu ya kitambulisho kipya cha Linux.

Mkiniambia hiyo ni historia, basi chukueni ya 2023. Februari mwaka huo lilitoka toleo la 1.47.0 la e2fsprogs, vifaa vinavyotengeneza ext4. Liliwasha lenyewe kipengele kinachoitwa metadata_csum_seed. GRUB 2.06 haikukijua. Ukitengeneza ext4 kwa vifaa vipya na kuiwasha kwa GRUB ya zamani, unaambiwa mfumo wa faili haujulikani. Diski nzima, mpya, isiyo na hata mkwaruzo. Debian waliliona mapema wakakizima kipengele hicho kwenye mipangilio yao. Wewe uliye na flashi ya mtu uliyoazima hungejua, na fundi wako hangejua, na nyote wawili mngefika kwenye lile neno.

Nimesema haujulikani, na hapo angalau GRUB ina adabu. Inasema haijui. Windows ikichomekewa diski ya ext4 haisemi haijui. Inasema unahitaji kufomati diski kabla ya kuitumia, kisha inauliza kama unataka kuifomati. Soma tena. Ujinga ni wake, lakini hitaji ni lako. Kwenye Linux kuna chombo kinachoitwa blkid ambacho kikikuta alama mbili zinazogongana kwenye diski moja, labda kwa sababu mfumo wa zamani haukufutwa vizuri, kinakataa kuchagua na kinakwambia utumie wipefs kuangalia. Kwa hivyo inawezekana kuandika programu inayokiri kwamba haina uhakika. Waliochagua vinginevyo walichagua.

Mwaka jana nilikuwa kwenye duka moja Wote nikisubiri chaja. (Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo na mambo mengine, sasa naandika na kunakili sauti kwa malipo, na chaja kwangu ni jembe.) Mama mmoja, mweka hazina wa chama chao cha kusuka vyondo, alikuwa ameleta laptopu nzee ambayo mwanawe alikuwa ameiwekea Linux ili isiwe nzito. Stima ilipotea katikati ya kazi, betri ilishakufa zamani, na tangu hapo haikuwaka. Fundi alitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake, kale kaujumbe kakatokea.

"Mwaitu, hii diski iko tupu. Nifomati?"

"Tupu aje, kijana wangu? Jana nilikuwa naandika ndani."

Huyo mama hajawahi kusikia neno superiboloki, lakini ndiye peke yake mle dukani aliyekuwa akifikiri kisayansi. Alikuwa na ushahidi. Mashine ilikuwa na maoni.

Niliomba fundi asubiri. Tulinakili diski nzima kwanza kwenye diski yangu ya nje, kazi iliyochukua mchana wote, kwa sababu hugusi kitu ambacho hujakitolea nakala. Kisha nikaiangalia nakala. Ukurasa wa kwanza wa utambulisho wa ext4, hiyo superiboloki, ulikuwa umevurugika. Lakini ext4 haina ukurasa mmoja. Huhifadhi nakala nyingine ndani ya diski, na kwa mpangilio wa kawaida ya kwanza iko kwenye bloku ya 32768. Unaielekeza e2fsck huko na inaendelea na kazi. Mikopo ya chama, nani amelipa, nani bado, yote ilikuwa humo. Hela za akina mama ishirini na kitu.

Na si ext4 pekee. NTFS huweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa kipande. FAT32 kwa kawaida huiweka sekta ya sita. Hata pasipo hizo, kuna TestDisk, ya bure, inayopitia diski ikitafuta mabaki ya vipande vilivyopotea. Yaani walioitengeneza mifumo hii walijua siku moja kitambulisho kitapotea, wakaweka kingine. Sisi tunafuta vyote viwili kwa kubonyeza Ndiyo. Kwenye hadi diski ya kizamani fomati ya haraka huacha sehemu kubwa ya data palepale na bado una matumaini. Kwenye SSD, fomati hiyohiyo inaweza kuiambia diski kwamba nafasi yote sasa ni huru, na diski ikaanza kujisafisha. Hapo hata TestDisk haikusaidii.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Huko Malili, Makueni hiihii, ndiko Konza, na Konza kuna kituo cha taifa cha data. Serikali yetu imeelewa kwamba data ni mali ya kujengewa nyumba. Mwendo mfupi kutoka hapo, data ya chama cha vyondo inasubiri uamuzi wa kijana aliyefunzwa kwamba skrini haidanganyi.

Najua fundi atanijibu. Kufomati ni nusu saa na mteja analipa papo hapo. Kunakili diski ni mchana mzima, stima ni yake, na ukimwambia mteja elfu mbili atakuuliza kwani umeuza figo. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Hata mimi hupewa kazi ya siku tatu kwa bei ya soda. Lakini dakika tano za kuchomeka flashi ya Linux na kuandika blkid hazijawahi kufilisi mtu. Zitozeni. Andikeni ukutani, pale penye bei ya kulaminisha kitambulisho na ya kupiga picha ya pasipoti: kufomati, mia tano, kutambua diski, mia mbili, na hii ndiyo inaanza.