SUMU ISIYOKUFA KWA MOTO



Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu walikula nyama ya kasa, yaani kobe wa baharini. Watoto wanane na mtu mzima mmoja wakafa. Sumu ya nyama hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Sisi wa Meru na Embu hatuli kasa. Lakini tusijione salama, maana sumu nyingine isiyokufa kwa moto yaweza kuwa ndani ya gunia la mahindi. Ni sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Na Kitui si mbali: kutoka Mbeere au Tharaka ni kuvuka mto Tana tu. Mahindi yao yalikuwa yamewekwa nyumbani yakiwa na unyevu.

Mahindi hayo ukiyasaga, kuvu haionekani tena. Ukiyapika, sumu inabaki. Mlaji huumwa tumbo, macho yakawa manjano, ini likaharibika. Na anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi yuko katika hatari ya saratani ya ini.

Twajua mtasema: kibarua atatupaje gunia zima, naye hana fedha za kununua lingine? Ni kweli. Mshahara mdogo ndio unaotupeleka kwenye mahindi ya bei rahisi. Kwa hiyo jambo hili si la daktari peke yake, ni la chama pia. Twataka kila mwajiri atoaye posho au chakula cha mchana atoe mahindi makavu yaliyopimwa, na neno hilo liandikwe katika mapatano.

Lakini sisi nasi tuna wajibu. Tuanike mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, na tusiyatie guniani kabla hayajakauka sawasawa. Yakiwa na kuvu, tusimuuzie jirani, tusiyapikie pombe, wala tusimpe ng'ombe, kwani sumu hupita katika maziwa ikamfikia mtoto.

Ndugu, ukipewa posho yenye kuvu usinyamaze. Mwite mwakilishi wa chama alione gunia hilo kabla halijafika kwenye kinu. Likishakuwa unga, ushahidi umekwisha, lakini sumu ingalipo.