MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Paka Huyu ni wa Nani?



Wahenga walisema: Paka akiondoka, panya hutawala. Hapa Kalemie neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Mama mwenye akiba ya mahindi na ndagala wakavu aijua thamani ya paka. Usiku mmoja wa panya wamtosha kujifunza.

Mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia katika nyumba za pwani, jamaa nyingi zilihama kwa haraka. Watu walibeba watoto, magodoro na masufuria; paka akasahauliwa. Hivyo ndivyo ulivyozuka ugomvi wa mama wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza aliporudi baada ya majuma kadhaa, alimkuta paka wake kwa jirani, amenona, tena ana jina jipya.

“Ni wangu huyu. Nilimlea tangu hajafumbua macho.”

“Hapana, dada. Huyu alinijia mwenyewe, na madoa kama haya paka wengi wanayo.”

Wazee walikaa barazani mpaka adhuhuri. Mfalme Solomono aliagiza upanga. Wao hawakuthubutu, kwa maana hao mama wote wawili wangelia, na paka mwenyewe alikuwa amelala, hana habari. Mwisho walipatana kwamba paka abaki alipo, na mtoto wake wa kwanza apewe mama wa kwanza. Amani ilirudi, lakini ukweli haukujulikana.

Katika nchi nyingine shauri kama hilo humalizika kwa dakika chache. Huko mganga wa mifugo humtia paka kidude kiitwacho chipu, kidogo kama punje ya mchele. Hukiingiza kwa sindano chini ya ngozi, kati ya mabega. Hakina betri. Chombo cha kusomea kikipitishwa juu yake, hutoa mawimbi ya redio ya kukiamsha, nacho hujibu kwa namba yenye tarakimu 15. Kisha namba hiyo hutafutwa katika daftari kuu, palipoandikwa jina la mwenye paka na simu yake. Ukanda wa shingoni hukatika, na rangi hufanana. Bali namba hiyo ni ya paka mmoja tu.

Faida zake ni za kweli. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walitangaza hesabu waliyofanya katika nyumba 53 za kutunzia wanyama waliopotea. Katika paka wote waliookotwa, waliorudi kwao hawakufika 2 katika kila 100. Bali kati ya wale wenye chipu walirudi 38 hivi. Tena chipu huthibitisha chanjo. Umoja wa Ulaya haumpokei paka atokaye nje pasipo chipu, wala hauihesabu chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotangulia chipu. Kwani cheti bila alama chaweza kuwa cha paka mwingine. Ndugu zetu walioko Ubelgiji wajue kwamba huko, tangu Novemba 2017, sheria huamuru watoto wa paka watiwe chipu na kuandikwa. Uingereza nako sheria kama hiyo ilianza tarehe 10 Juni 2024.

Lakini angalieni jambo moja. Chipu haionyeshi paka alipo, wala haimkingi na ugonjwa. Na wataalamu wale wa Marekani walipouliza kwa nini wanyama wengi wenye chipu hawakurudi kwao, sababu ya kwanza ilikuwa hii: namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa na kosa, au ilikuwa imekatwa. Mwenyewe alihama, akanyamaza. Paka alikuwa na alama, lakini daftari lilikuwa bubu. Nasi tunalijua jambo hili parokiani. Kijana ataka kufunga ndoa, aomba cheti cha ubatizo. Jina lake likiwa limeandikwa vibaya, yeye na Padri watahangaika miezi mizima. Kosa si la maji ya ubatizo. Kosa ni la aliyeandika, au la mzazi aliyetaja jina bila uangalifu.

Basi tufanyeje sisi, ambao chombo cha kusomea hakipo mlangoni? Mwenye safari ya Ulaya amwendee mganga wa mifugo mapema, aulize habari za chipu kabla ya chanjo. Sisi wengine tutumie tulicho nacho. Paka achanjwe kichaa cha mbwa kila ipatikanapo nafasi, na cheti kihifadhiwe pamoja na karatasi za nyumba. Nanyi wanafunzi, mnaojua kuandika, chukueni daftari: andikeni rangi ya paka, madoa yake, kovu la sikioni, siku aliyoletwa, na jina la aliyemtoa. Jirani mmoja asome na kutia sahihi yake. Jamaa ikihama, mtu mmoja atajwe kabla ya safari kuwa ndiye mwenye kumbeba paka.

Na aliyeokota paka wa mwenzake asingoje wazee wamwite. Aulize kwanza nyumba kwa nyumba. Amri ya saba haikusema kwamba mali ya jirani ikija yenyewe kwa miguu minne huwa yetu.