Kisha kupakia, tengeneza vioo

Ndugu wanakoperative wa Kasaji, mahindi tunapima kilo kwa kilo, lakini vioo vya kamioneti hakuna mwenye kuvijali. Ni kosa. Magunia yakisha kujaa, kioo cha ndani hakionyeshi tena kitu. Nyuma ya mutuka inashuka, na vioo vya pembeni vinabaki kuangalia udongo. Basi shofere avitengeneze kisha kupakia, akiwa amekaa kwenye kiti chake: barabara ya nyuma ionekane mbali, ubavu wa mutuka kidogo tu. Kama usukani uko kuume, kioo cha kushoto kiwe kikubwa, maana ndiko wanakotupita. Mutuka yenye kioo kilichopasuka isibebe gunia letu hata moja. Mwenye kusukuma kinga ya makala kwenye barabara ya Kolwezi, naye ni ndugu yetu.