Zimeni Kinanda, Mtu Anaaga

Juzi nilimsikia mtayarishaji mmoja wa filamu akihojiwa redioni. Aliulizwa kwa nini katika filamu zetu mtu hawezi kusafiri, kufiwa wala kumaliza shule bila kinanda kulia dakika tatu mfululizo. Akajibu bila haya, tena kwa sauti ya mtu anayewahurumia wenzake: mtazamaji wetu haelewi picha, lazima aambiwe hapa ndipo pa kulia. Mtangazaji akacheka, akaweka wimbo.

Mimi nilizima redio. Kauli hii nimeshaisikia hadi imenichosha. Waongozaji wanaisema, wahariri wanaisema, wanaonunua filamu za kurushwa kwenye televisheni wanaisema. Mswahili, kwa maoni yao, ni mtu wa maneno. Picha tupu ni mambo ya Wazungu na matamasha yao.

Matokeo yake tunayajua. Kijana akiaga kwenda mjini, kamera inamvamia usoni hadi unaona vinyweleo, mwendo unapunguzwa, kinanda kinaanza, kisha anatokea mwimbaji wa kutusimulia yale yale tunayoyaona: kijana anaondoka, mama analia, dunia ina mambo. Na mtoto akikua? Skrini inakuwa nyeusi, yanatokea maandishi: BAADA YA MIAKA KUMI. Mtoto kawa baba mwenye ndevu, mama yake hajapata hata unywele mmoja mweupe, na kochi ni lile lile, na kitambaa chake.

Namwomba bwana yule wa redioni aje Tanga nimkutanishe na wazee waliokuwa wakiingia sinema ya Majestic. Kwa miaka na miaka watu wa mji huu walipanga foleni kutazama picha za Kihindi. Kihindi hawakukijua. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa pwani hii yote kuliko nyingi zilizokuja baada yake. Raj mdogo anatengana na Rita, rafiki yake wa utotoni. Raj mkubwa anaibuka akiwa mwizi, lakini picha ya Rita ya utotoni bado iko ukutani kwake. Siku anapoiona picha ile ile nyumbani kwa msichana mmoja wa kitajiri, ukumbi mzima ulijua huyu ni nani, miaka mingapi imepita, na nini kimepotea katikati. Hakuna aliyeandikiwa BAADA YA MIAKA KUMI. Picha moja ukutani ilibeba utoto, utu uzima na kutengana. Mwisho Raj yuko jela, Rita anaahidi kumngoja, na nondo zipo katikati yao. Watu walitoka wakipangusa macho. Kihindi hawakukijua!

Nitalirudia hili hadi lieleweke. Watu hawa walisoma sura, mikono, mlango unaofungwa, treni inayoondoka. Hawakuwa na shahada ya sanaa. Ni mababu wa huyo huyo mtazamaji anayeambiwa leo kwamba hana akili ya picha.

Wapo wanaonijibu kwa jina la Lufufu, yule aliyekuwa akitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili. Ati kama watu wanaelewa picha, mbona mabanda ya video yalijaa kwa ajili ya mtafsiri? Jamani! Watu walimfuata Lufufu kwa ucheshi wake. Steringi wa Hong Kong alikuwa akisemeshwa Kiswahili cha kijiweni, na kilichochekesha ni kwamba kila mtu aliona midomo inasema hili na Lufufu anasema lile. Asiyeelewa picha angecheka nini?

Sasa twende stendi ya Kange, hapa hapa Tanga, alfajiri, basi la Dar linapojazwa. Tazama mama wa pwani anavyoagana na mwanawe. Halii. Anarekebisha kola ya shati ambayo haina kasoro yoyote. Anauliza kama ile mikate imewekwa juu au chini ya begi. Halafu anageuka kidogo, anafungua pindo la kanga, anatoa noti iliyokunjwa mara nne, anamsukumia mkononi bila kumtazama. "Ukifika nibipu." Basi. Dua anaisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, gari likirudi nyuma.

Mwongozaji mwenye akili angeweka kamera mbali, ng'ambo ya stendi, akaiacha itulie. Angetuachia honi, wapiga debe na muuza kahawa anayegonganisha vikombe. Kijana anapanda, basi linatoka kwenye fremu, mama anabaki. Na hapo ndipo asikate. Awaache watazamaji wakae na yule mama sekunde kumi, ishirini, hadi wajisikie vibaya. Kisha usiku, simu inalia mara moja tu, inanyamaza, naye haipokei, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana. Gharama ya tukio hilo ni nauli ya daladala ya mpiga picha.

Mjapani Yasujiro Ozu alilijua jambo hili. Katika Tokyo Story ya mwaka 1953 kamera imewekwa chini, usawa wa mtu aliyeketi mkekani, na karibu haisogei kabisa. Mke wa mzee anafariki, watoto wanarudi mjini kwenye shughuli zao, mzee anabaki ameketi, na jirani anapita dirishani kumjulia hali. Hakuna anayeanguka na kugaragara. Mimi natazama nasema: huyu mbona ni mzee wa mtaani kwetu Chumbageni! Usawa wa mkeka ni usawa wetu, tumezaliwa juu yake. Lakini waongozaji wetu wamenunua vyombo vya kurusha kamera angani, wanatuonyesha mabati ya nyumba huku ndani mtu anaaga.

Na kukua, je? Mmarekani Richard Linklater alianza kumpiga picha mtoto mmoja mwaka 2002, akawa anamrudia kila mara kwa miaka 12, hadi filamu ya Boyhood ikatoka mwaka 2014. Hakuandika popote kwamba mwaka umepita. Unaona nywele zimebadilika, sauti imekuwa nzito, basi. Sisemi mtu asubiri miaka 12. Nawajua, kodi ya nyumba haisubiri. Lakini ua wa nyumba ya Kiswahili umejaa saa zake. Kijana aliyekuwa akipita chini ya kamba ya nguo sasa anainama. Aliyekuwa akilala chumbani kwa mama sasa amehamishiwa chumba cha uani. Binti aliyekuwa akitumwa dukani kila dakika sasa hatumwi tena, anatumwa mdogo wake. Piga picha mlango ule ule mara mbili, umemaliza kazi.

Hapa nitoke kidogo, maana ugonjwa wa kutangaza kila kitu ni huu huu. Tumefikia mahali mtoto wa miaka sita akimaliza chekechea anavalishwa joho na kofia ya profesa, wazazi wanachangishwa, keki inakatwa, MC anapayuka. Amejua a, e, i, o, u! Jamii isiyoweza kumwona mtoto amekua mpaka avae joho, ndiyo hiyo inayodai maandishi kwenye skrini nyeusi. 

Mpwa wangu anahariri video za harusi. Nilimwambia bibi harusi anapotoka kwao aondoe muziki, tusikie vigelegele na hatua zake. Akanitazama kwa huruma. "Mjomba, watasema sauti imekatika, hawatanilipa." Mnaona? Mtoto wa juzi ameshaambukizwa.

Na msiniletee hadithi ya kukosa vifaa. Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana mwenye ugonjwa usio na tiba anayependa filamu za mashujaa. Kijiji kizima kinaigiza ili ajione ana nguvu za ajabu, kisha kinamtengenezea filamu yake. Wanamuaga kwa mchezo, na mchezo ndio unaouma. Hapo Pangani, shirika la UZIKWASA lilitoa Aisha mwaka 2015, ikiongozwa na Chande Omar. Kumbe hata wilaya ndogo ya mkoa wetu inaweza kutengeneza filamu ikitaka.

Kwa hiyo nina jaribio moja kwa kila mwongozaji. Kabla hujauza filamu yako, chukua tukio la kuaga, zima sauti, futa maandishi, nenda kwa bibi yeyote wa mtaa wa Ngamiani hapa Tanga aliyewahi kulipa kiingilio cha Majestic. Mwonyeshe. Akikwambia nani anaondoka, nani anabaki, na nani kati yao anajua hawataonana tena, Mungu akubariki, wewe ni mwongozaji. Akikuuliza, "Hawa wanafanya nini, mwanangu?", usije redioni kumsingizia kwamba haelewi. Rudi ukapige upya.