Eti Wanawake Hawajitokezi? Lifungueni Daftari!

Nimechoka na sentensi moja. Kila nikiuliza, iwe Nachingwea mjini au Ruangwa, kwa nini bodi ya chama cha msingi imejaa akina baba watupu, au ina mama mmoja aliyewekwa pembeni kama ua la mezani, napewa jibu lilelile: "Wanawake hawajitokezi." Wanalisema wazee, wanalisema vijana wenzangu waliosoma, na juzi kanijibu hivyohivyo mama mmoja, tena anacheka.

Hawajitokezi wapi? Njooni Oktoba korosho zikidondoka. Nani anainama kutwa chini ya mikorosho akiokota? Nani anatenga korosho na bibo, nani anaanika, nani anachambua mbovu ili mzigo usishushwe daraja? Baba anapuliza salfa, sikatai, na kazi ile si mchezo. Lakini gunia likifika kwenye mizani, wenye gunia wanageuka kuwa mtu mmoja. Karani anaita jina la baba. Karatasi inaandikwa jina la baba. Mnada wa RUNALI ukishapita, fedha inaingia akaunti ya baba. Tangu msimu wa 2024 mnada wenyewe unafanyika kwa kompyuta, kupitia Soko la Bidhaa. Kompyuta imekuja, jina ni lilelile.

Hapo ndipo penye siri, ndugu msomaji. Uongozi wa ushirika hauanzii kwenye kura, unaanzia kwenye daftari la wanachama. Asiye mwanachama anaweza kuuza korosho zake kupitia chama, lakini hana hisa, hana kura, na hagombei. Na uanachama unafuata shamba, shamba linafuata jina la baba. Mkorosho nao haufi kesho. Alioupanda babu unaokotwa na mjukuu, na jina linarithishwa pamoja na mti. Sasa unamwambia mama ajitokeze, atokee wapi? Mlango umeufunga, ufunguo unao mfukoni, halafu unamsuta kwa kutoingia!

Wapo wajane na akina mama wenye mashamba yao wenyewe, na wachache wao wameshika uongozi. Msinitupie hao kama jibu. Hao ndio mashahidi wangu: wana jina daftarini.

Cha kuchekesha ni kwamba hapa ni kwa Wamwera, watu ambao kwa jadi huhesabu ukoo kwa mama. Mtu atakwambia kwa mbwembwe zote, kwetu mwanamke ana heshima. Anayo. Ila kwa jadi hiyohiyo kauli ya mwisho ya ukoo ilikuwa kwa mjomba. Damu ya mama, amri ya mjomba. Ushirika umeirithi hesabu hiyo bila kubadili hata nukta.

Wengine wananiambia nitulie, mambo huja taratibu, mbona tangu Machi 2021 Rais ni mwanamke? Sawa. Ikulu iko mbali na mizani. Na huo utaratibu wa taratibu Wajapani wameujaribu kabla yetu. Mwaka 1985 walipitisha sheria ya usawa kazini. Makampuni makubwa yakatengeneza ngazi mbili: moja ya kupanda mpaka umeneja, nyingine ya kazi ndogondogo za ofisini. Wanaume wakajazwa kwenye ya kwanza, wasichana kwenye ya pili, na kila mtu akasema sheria imefuatwa. Mwaka 2003 serikali yao ikatangaza kwamba ifikapo 2020 wanawake wafike asilimia 30 ya wenye vyeo. 2020 ikafika, vyeo havikufika, tarehe ikasogezwa mbele. Na hiyo ndiyo nchi inayosifiwa kwa treni zisizochelewa!

Sisi nasi tuna ngazi mbili, ila zetu hazijaandikwa popote. Ya mama inaishia kwenye kutunza sanduku la vikoba, "kwa sababu wanawake ni waaminifu." Mwaminifu wa sanduku la vikoba, si mwaminifu wa funguo za ghala? Ati usiku ghalani kuna hatari. Mlinzi anaajiriwa, bwana! Mwenyekiti gani analala juu ya magunia?

Tazameni sheria inapotaja namba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Baraza likiundwa, hao watatu wanapatikana palepale kijijini, kutoka kwa walewale "wasiojitokeza."

Halafu Nachingwea, jamani, ndiyo ya kusema hivyo? Mwaka 1967, katika kambi ya FRELIMO hapahapa, wasichana 25 wa Msumbiji walipewa mafunzo ya kijeshi, Josina Muthemba, baadaye Machel, akiwa mmoja wao. Bunduki iliwezekana, mizani inashindikanaje? Sitaki kuipamba historia: mwaka 1969 Josina huyo alikabidhiwa idara ya mambo ya jamii. Ngazi ya pili ilikuwepo hata kambini.

Na sisi waandishi tusijifanye watakatifu. Someni hadithi zetu. Bosi ana kitambi na Benzi, sekretari ana sketi fupi, na mwanamke akipanda cheo basi kapitia kitandani. Usanii mtupu! Nionyesheni hadithi moja ambayo kasheshe yake ni mama anayedai jina lake liandikwe daftarini. Mume yumo, mashemeji wamo, karani yumo, mkutano mkuu umo. Mnataka mkasa gani tena?

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila chama cha msingi kisome daftari lake kwa sauti, jina kwa jina, watu wasikie. Mume na mke wanaolima shamba moja waandikwe wote, kila mmoja na hisa yake. Sheria hiyo ya 1999 haizuii wawili kumiliki ardhi ya kijiji pamoja, kwa hiyo tusisingizie shamba. Halafu pigeni kura. Wasipojitokeza hapo, nitaandika kwenye kurasa hizihizi kwamba wazee mlikuwa sahihi.