Akili Unde na Maji ya Bamvua Kizingitini

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii yaifaa sana akili unde, ambayo wengine huiita akili bandia au akili mnemba. Akili hiyo haipigi ramli; hutabiri kutokana na kumbukumbu ilizolishwa. Swali la msingi, basi, ni hili: je, huundwa kwa maarifa ya nani?

Mnamo mwaka 2016, kampuni ya Google ilitangaza kwamba programu ya tawi lake la DeepMind ilipunguza umeme wa kupoza vituo vyake vya kompyuta kwa kiasi kilichofikia asilimia 40. Huko Kizingitini, kisiwani Pate, haja ni ile ile ya kupoza, ila kinachopozwa ni samaki. Mfanyabiashara wa barafu akigandisha kidogo, samaki huoza. Akigandisha kupita kiasi, hulipia umeme bure. Lau angejua mapema kiasi cha samaki watakaoshushwa, angegandisha kwa kadiri. Na kama anatumia umeme wa jua, angegandisha mchana, barafu imhifadhie ubaridi hadi usiku.

Wapo watakaodai kwamba utabiri wa namna hii ni jambo la wageni. Dai hilo halina mashiko. Mvuvi wa Kizingitini ametabiri tangu jadi. Hujua kusi ichafuavyo bahari na kaskazi ifunguavyo msimu. Hutofautisha bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi. Tena kalenda ya jadi humhesabia miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi. Programu iliyozoezwa kwa ofisi zinazofungwa Jumamosi na Jumapili haitayaona hayo isipofunzwa.

Hapa ndipo penye wajibu wa wanataaluma wa Kiswahili. Maarifa hayo yamo katika msamiati wa Kitikuu, vinywani mwa wazee ambao hawatadumu milele. Hayana budi kukusanywa. Aidha, mashine ikitoa ushauri wake kwa Kiingereza kitupu, mwenye jokofu asiyekimudu ataweza kuutii au kuupuuza, lakini hataweza kuuhoji. Ilhali hasara ya kosa lolote ni yake.

Kwa hiyo, isimu na fasihi na zitoke maktabani ziende forodhani. La sivyo, chombo kitaundwa na kuelea, na wenye bahari watabaki abiria.